Dhoruba Ilikuwa Jana Usiku

Ukitaka kumharibia mtu mchoro, mwambie kwanza nani alikufa. Mimi nilisoma habari za Hadleigh Castle ya John Constable kabla sijauona, na karibu kila mwandishi alianzia kwenye jeneza. Maria, mke wa mchoraji, alifariki Novemba 1828 kwa kifua kikuu, akamwachia watoto saba. Mwaka uliofuata Constable akaonyesha mchoro huu London: gofu la ngome juu ya kilima, maji kwa mbali, mawingu mazito. Basi hesabu ikafungwa hapo. Mke amekufa, mbingu imechafuka, kwa hivyo mbingu ni moyo wa mgane. Kesi imeisha, twende nyumbani.

Si polepole jamani.

Kwanza uangalie wenyewe. Uko Yale Center for British Art, Marekani, na wameuweka mtandaoni bure, kwa ukubwa ambao bando yako italalamika. Upana wake halisi unazidi mita 1.6, kwa hivyo simu inaunyonga. Vuta karibu, sogeza. Kushoto kuna mnara mrefu uliopasuka. Chini yake mchungaji anatembea na mbwa wake. Kuna ng'ombe, kuna ndege. Halafu jicho linateremka hadi mto Thames unapoingia baharini, na hapo miale ya jua imetoboa mawingu na kuangukia maji, yanang'aa kama mabati mapya.

Sasa soma jina lote, maana Constable hakuishia kwenye ngome. Aliongeza kwamba hii ni asubuhi baada ya usiku wa dhoruba. Asubuhi. Baada. Dhoruba yenyewe hatuioneshwi. Tunaoneshwa mabaki yake yakiondoka, na mtu aliyeamka akaenda kazini.

Na kumbukumbu iliyo chini ya rangi hizo wala si ya msiba. Constable alifika Hadleigh mwaka 1814, akaichora ngome kwa penseli kwenye kijitabu kidogo, na akamwandikia Maria barua kuhusu mahali hapo. Hawakuwa wameoana. Babu yake Maria, kasisi mwenye pesa, hakumtaka huyu kijana wa rangi na brashi, na ilibidi wangoje mpaka 1816. Kwa hivyo ile ngome, alipoiona, ilikuwa ya kijana mwenye mtu wa kuandikia. Miaka kama 15 baadaye anarudi kwenye penseli yake na hana wa kumwandikia. Kwangu hilo linauma kuliko wingu lolote.

Lakini penseli haina rangi. Mbingu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye tizi. Mwaka 1821 na 1822, akiwa Hampstead, huyu jamaa alichora makumi ya mbingu kwa rangi za mafuta, na nyuma ya nyingi aliandika tarehe, saa, na upepo ulikuwa unatoka wapi. Kama karani wa idara ya hali ya hewa. Kuanzia 1824 alikuwa akimpeleka Maria Brighton ili apate hewa ya pwani, na huko akachora mvua ikishuka baharini. Yaani huyu mtu alijifunza dhoruba ya bahari akiuguza. Alipofiwa, mkono ulikuwa tayari unajua wingu lina tumbo na lina mgongo. Machozi hayakumfundisha kuchora.

Nasisitiza hili kwa sababu lanihusu mfukoni. Niliacha chuo karo iliposhindikana, sasa naishi kwa kuandika, na kuna mhariri mmoja aliwahi kunirudishia insha na maneno mawili tu: ongeza uchungu. Kama vile uchungu ni chumvi. Kizazi chetu kimezoea hiyo biashara. Unaweka jeraha mezani, unalipwa kwa kina chake. Constable wanayemsimulia anafaa sana biashara hiyo. Constable aliyechora hafai.

Kule kwa nyanya yangu, Kakamega, mvua ya mawe iliwahi kung'oa mabati ya jikoni usiku. Ninachokumbuka zaidi si kelele. Ni asubuhi, nyanya akivuka matope kwenda kufungua ng'ombe kabla hajaangalia paa. Ng'ombe hawangoji. Ndiyo maana yule mchungaji wa Hadleigh haninung'unishi hata akiwa mdogo vile. Wakosoaji humpita wakikimbilia mnara.

Kuna ndugu wa mchoro huu, karibu ukubwa uleule, yuko Tate, London. Ni jaribio alilofanya kabla, rangi imekwaruzwa na kurundikwa kwa nguvu, mbingu na ardhi zinagombana. Wengi siku hizi wanalipenda zaidi. Wanasema lina ukweli, hilo la Yale limeoshwa uso. Naelewa. Lile la Tate ningelivaa kwenye fulana. Lakini ndani yake mtu bado yuko ndani ya usiku, na nikichagua moja la kukaa nalo nachagua la Yale, ambapo ameamua mwanga uanguke wapi.

Hata lile la Yale lina ukwaru wake. Wakosoaji wa enzi zake walimcheka kwa madoa meupe aliyokuwa akiyanyunyiza kila mahali, wakayaita theluji. Mimi nikivuta nyasi za mbele nayaona kama maji, majani ambayo hayajapata muda wa kukauka. Kinachonikera ni mnara. Umesimama kiukaidi sana, kama mwigizaji anayejua kamera iko wapi, na ndio uliowafanya watu wote waone kaburi.

Februari 1829, akiwa na miaka 52, Royal Academy ilimchagua hatimaye kuwa mwanachama kamili, kwa kura moja tu ya ziada. Maria alikuwa amekufa miezi mitatu kabla. Kwenye maonyesho yaliyofuata, angeweza kuwapelekea mto tulivu na mkokoteni, vitu walivyomzoea navyo. Akawapelekea asubuhi hii, yenye mnara uliopasuka, ng'ombe, na mtu mmoja mwenye mbwa.