Nyumba ya Kinyakyusa: ukuta ulioinama haukukosewa

Ukitembea Kyela, Ipinda hadi Matema leo, nyumba nyingi utakazoziona zinafanana: tofali za kuchoma, kuta zimenyooka, bati juu. Ndiyo tunayoiita nyumba bora. Leo naomba niikosoe, kwa kuilinganisha na ile iliyoitangulia.

Mwaka 1879 Joseph Thomson, mwanajiolojia wa Uskoti aliyekuwa na miaka 21 tu, alipita Unyakyusa na kusifu sana usafi wa vijiji na ufundi wa nyumba zake. Zilijengwa kwa mianzi, mapengo yakajazwa udongo uliofinyangwa, juu nyasi. Na kuta hazikusimama wima. Ziliinama kwa nje, nyumba ikawa pana juu kuliko chini.

Kuna fizikia hapo. Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na adui wa udongo ni maji. Ukuta ulioinama nje unajikinga wenyewe, maana tone linalotoka ukingoni mwa paa linaangukia mbali na msingi. Mianzi nayo hupinda kabla ya kuvunjika, na sisi tunaishi ndani ya Bonde la Ufa. Desemba 2009 matetemeko yalipopiga Karonga, kusini ya mto Songwe, nyumba nyingi za tofali zilizoshikishwa kwa tope ziliporomoka.

Ila tusijidanganye. Nyasi zinashika moto, mchwa wanakula mianzi, na paa lile lilitaka kuezekwa upya kila baada ya muda. Mtu akichagua bati simlaumu hata kidogo.

Ninacholaumu ni hiki: tulibadilisha vifaa, tukaliacha wazo. Ili kuokoa hela, bati linakatwa fupi, na upenu, yaani ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, unabaki kama kiganja. Mvua ya Aprili inapiga ukuta moja kwa moja, plasta inabanduka, na tofali za chini zinalika mwaka hadi mwaka. Upenu wa futi mbili na kitu ungefanya kazi ileile ya ukuta ulioinama, na bado ungekupa kivuli jua likiwa kali.

Huniamini? Masika haya chungulia chini ya ukuta wa kwenu. Alama ya matope itakuonyesha maji yanapogonga.