Minazi Iliyokimbia

Nilipopanda garimoshi mara ya kwanza, Mombasa, nilishikilia kwamba minazi ndiyo iliyokuwa ikikimbia, wakubwa wakacheka. Robert Louis Stevenson hakucheka. Katika shairi lake "From a Railway Carriage", lililochapishwa mwaka 1885, milima, nyanda na vituo ndivyo vinavyopita mbio, na mizani inagonga kama magurudumu juu ya reli. Kisha anatokea mtoto kando ya njia, peke yake, anachuma matunda, mara hayupo. Hapo furaha huingiwa na majonzi. Malenga wetu anayetaka kulisifu garimoshi asianzie kwenye chuma na moshi. Mshangao wa utoto hautaki kusahihishwa; wataka kutiwa mizani.