Sikio la Mkaangaji Buni

Mama mkubwa hakaangi buni siku yenye shughuli nyingine. Uani kwake Tanga, asubuhi ya kukaanga huanza kwa kuchambua: humwaga buni mbichi kwenye ungo, akatoa vijiwe, zilizotobolewa na wadudu na zilizooza. Nilipokuwa mdogo nilidhani anapoteza muda. Sasa najua kwamba punje chache mbovu zikitwangwa pamoja na nzuri, kikombe kizima kitaeleza.

Kikaango chake ni cha chuma kizito, na mkaa wake umeshika sawasawa, hautoi miali. Mwiko hautulii. Kwanza maji yaliyomo ndani ya punje hutoka, rangi ya kijani ikageuka manjano, na ua ukanukia nyasi kavu, kisha mkate. Zikishaiva hudhurungi, zinaanza kualika: ta, ta-ta, kama bisi. Hapo joto la punje limekaribia nyuzi 200 za sentigredi, na mvuke uliobanwa ndani unatafuta pa kutokea. Mama mkubwa hajawahi kumiliki kipimajoto. Hutunyamazisha sote, akainamisha kichwa, akasikiliza.

Baada ya mialiko hiyo huja kimya. Ni kifupi, na ufundi wote umo humo. Mbele yake kuna mwaliko wa pili, mwembamba na wa haraka, kama majani makavu yanayokanyagwa. Yeye huepua unapoanza tu kusikika. Akichelewa, mafuta yatajitokeza juu ya punje, na muda si mrefu ladha itakuwa ya mkaa. Wako wanaoamini kwamba kahawa chungu ni lazima iwe imeungua. Mimi sikubali. Uchungu wa buni una utamu nyuma yake. Wa masizi hauna kitu.

Hazipozi kikaangoni, maana chuma cha moto huendelea kukaanga hata jiko likiondolewa. Huzimwaga kwenye ungo, akapeta mpaka maganda membamba yaruke yote, kisha akazitia kwenye mkebe na kuziacha hadi kesho yake. Subira hiyo ina sababu. Buni iliyoepuliwa sasa hivi hutoa kaboni dioksidi nyingi, na hewa hiyo huyazuia maji yasiupate unga vizuri. Ila kutwanga hatwangi akiba. Hutwanga ya siku hiyo tu, kwa sababu unga hupoteza harufu upesi kuliko punje nzima.

Huchanganya buni mbili: robusta ya Kagera, nzito, yenye kafeini karibu maradufu, na arabika kidogo ya Kilimanjaro kwa ajili ya harufu. Kila moja huikaanga peke yake, kwani haziivi pamoja. Ndani ya dele, tangawizi iliyopondwa na iliki hutangulia kuchemka; kahawa hufuata. Povu likipanda huinua dele, likishuka hulirudisha, mara tatu, kisha akaliweka pembeni mwa jiko mashapo yatulie. Kifinjani hakitiwi sukari. Kashata ipo.

Nilipohamia Dar es Salaam nilinunua kikaango kama chake na kuwasha gesi. Mara mbili niliunguza. Mara ya tatu nilimpigia simu, nikaiweka karibu na jiko, nikawa nageuza mwiko bila kusema neno. Mialiko ya kwanza ikaja, ikapungua, ikaisha. Moshi ulikuwa umeanza kunichoma macho, na mkono wangu tayari ulikuwa umeshika mpini.

"Bado, mwanangu," akasema.

Nikaendelea kugeuza. Sikusikia kitu isipokuwa mwiko unaokwaruza chuma.

"Bado."

Kisha, kabla sijasikia chochote mimi niliyesimama pale jikoni:

"Haya. Epua."