Miwani Inayokaa Usoni

Maji yakijaa vya kutosha boti kuelea pale Matemwe, kaskazini mashariki mwa Unguja, kila mtu huwa mbioni. Vijana wanapakia matunda na maji ya kunywa, nahodha anaangalia mafuta, wageni wanaulizana Mnemba ni umbali gani. Katikati ya pilikapilika hiyo yupo mtu mmoja asiye na haraka. Amekaa ukingoni mwa boti, ndoo ya miwani ya kuzamia iko miguuni pake, na anamtazama kila mgeni usoni kabla ya kugusa kitu chochote. Watu wa kazi hii nimewatazama huko, na Shimoni nchini Kenya, kwenye boti za kwenda Kisite, vilevile, na kwa maoni yangu hao ndio wanaoamua kama siku yako baharini itakuwa ya raha au ya kupangusa macho.

Anachosoma usoni ni vitu vichache. Anaangalia upana wa paji, kina cha mfupa wa pua baina ya macho, mashavu yalivyojaa, na nafasi iliyopo kati ya pua na mdomo. Kisha anachomoa miwani moja ndooni, mkanda anautupa mbele ili usishike kitu, na kuiweka usoni taratibu. "Nywele nyuma, mama. Sasa vuta pumzi kwa pua, kidogo tu. Izuie hapo." Anaondoa mikono. Miwani inashikiliwa na pumzi ile peke yake. Ikiteleza, hata kwa upande mmoja, habishani nayo, anairudisha ndooni na kuchukua nyingine.

Ikikaa, bado hajaridhika. Anampa mgeni mrija autie mdomoni na jaribio linaanza upya. Hatua hii wauzaji wengi wa madukani huiruka, nami naiona ndiyo kiini cha ufundi wote. Mtu akiuma mrija, sura yake hubadilika. Midomo husogea mbele, mashavu huvutwa, na ule mfereji unaoshuka kutoka puani hadi pembe ya mdomo huwa mrefu zaidi. Miwani iliyokaa sawasawa mdomo ukiwa mtupu inaweza kuanza kuvuja papo hapo. Wenye mfereji mrefu wa kicheko anawatafutia miwani yenye silikoni pana chini ya pua. Mwenye sharubu nene anaambiwa bila kuzungushwa kwamba maji yatapita kwenye nywele hizo, na kwamba wembe kidogo chini ya pua ungesaidia.

Ukipata nafasi, ishike miwani nzuri mkononi uichunguze. Sehemu inayogusa ngozi ni silikoni laini, na mara nyingi ina kingo mbili, moja ndani ya nyingine, nyembamba kiasi cha kukunjika kwa kuguswa na kidole. Kioo chake ni kigumu, cha aina ambayo ikivunjika haitoi vipande virefu vyenye ncha. Chini pana kifuko cha pua, na hapo ndipo wengi wetu huumia bila kujua sababu. Kifuko kikiwa chembamba kuliko pua, hutalihisi hilo dukani. Utalihisi baada ya nusu saa, pua ikiwa inabanwa na kichwa kinaanza kuuma. Basi kipime kwa subira: kaa nayo dakika kadhaa, bana pua kwa vidole viwili ukiwa umeivaa, na uhakikishe pua haigusi ukingo wa chini.

Kifuko hicho kina kazi kubwa kuliko kuzuia maji. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, na hata mita 2 au 3 zinatosha kuifanya miwani iunyonye uso. Anayezama hupuliza hewa kidogo kwa pua na kusawazisha mambo. Miwani midogo ya bwawani haikubali jambo hilo, kwa kuwa pua iko nje. Ile inayofunika uso mzima, iliyopata umaarufu baada ya Decathlon kutoa Easybreath mwaka 2014, haimruhusu mtu kubana pua ili kuzibua masikio. Kwa kuelea juu tu ina wapenzi wake. Mimi simshauri nayo mtu anayetaka kushuka kumtazama pweza.

Halafu mkanda. Miwani ikivuja, mkono wa mgeni hukimbilia kuukaza, na mtu wa ndoo humzuia. Mkanda uliokazwa mno hukunja silikoni, hufungua njia ya maji, na huacha alama nyekundu usoni pamoja na maumivu ya kichwa. Yeye huulegeza, kisha huupandisha juu ya masikio hadi pale kisogo kinapoanza kupinda. Ukiwa ndani ya maji, bahari yenyewe inaisukuma miwani usoni. Mwenye rasta au mabutu humtafutia mkanda mpana wa kitambaa usiong'ang'ania nywele. Kwa mama aliyevaa vazi la kuogelea lenye ushungi, humwomba mwenyewe arudishe ukingo wa kitambaa nyuma ili silikoni iguse ngozi tupu pande zote, kwa sababu hata uzi mmoja huvuta maji. Anayafanya haya kwa adabu, bila kumgusa mtu pasipo ruhusa.

Ukungu wa kioo una dawa ya zamani: mate, yasuguliwe kioo kikiwa kikavu, kisha kisuuzwe haraka. Miwani mipya huja na utando wa kiwandani, kwa hiyo isugue kwanza kwa dawa ya meno isiyo na chenga, mara mbili tatu, kabla ya safari. Mafuta ya kuzuia jua yasipakwe kwenye paji karibu na ukingo.

Ukinunua yako, jaribu kwa mrija mdomoni kabla ya kulipa, na usiamini bei peke yake. Ukikodi, fika mapema umpe mtu wa ndoo muda wake. Na ikitokea inavuja ukiwa juu ya mwamba, elea chali au shika boya, bonyeza ukingo wa juu na upulize kwa pua maji yatoke. Tafadhali usisimame juu ya matumbawe kuirekebisha. Yale makubwa ya mviringo hukua kati ya milimita chache na sentimita 2 kwa mwaka mzima.