Mpe Mtoto Vitabu Viwili Vinavyogombana

Mzazi anayeandika ana kishawishi ambacho wazazi wengine hawana: kumlea mwanawe kwa maandishi yake mwenyewe. Kishawishi hicho ni cha siku nyingi katika lugha yetu. Mnamo mwaka 1858, huko pwani ya Lamu, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utenzi wa nasaha akiwa mgonjwa, miaka michache tu kabla ya kufariki. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert naye aliwatungia watoto wake tenzi mbili, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Tenzi hizo zimevuka mipaka ya nyumba zilimotungwa na leo ni mali ya kila asomaye Kiswahili.

Mimi nataka kusifu kazi nyingine, ndogo zaidi na isiyo na jina la mtunzi: kumchagulia mwanao kitabu kilichoandikwa na mtu mwingine. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wakawaweka mama na ulimwengu pande mbili, kana kwamba zamu ya mmoja huanza pale ya mwenzake inapokwisha. Kitabu kilichochaguliwa vizuri huwaketisha pamoja. Ulimwengu unaingia sebuleni, unasema yake yote, na mama bado yupo, anachambua mchele.

Naandika haya Naguru, kilima kilicho mashariki ya katikati ya Kampala. Niliolewa hapa nikitokea Tanga. Juu ya kilima kuna nyumba za kuta ndefu na mageti yenye walinzi. Upande wa Katali vyumba vya kupanga vimebanana. Nyumba za wafanyakazi za Naguru na Nakawa, zilizojengwa enzi za ukoloni, zilibomolewa mwaka 2011. Mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti katika mitaa ile mwanzoni mwa miaka ya 1960, Uganda ilipokuwa inapata uhuru, akaandika jinsi watu wa makabila mengi, wa Uganda na wa Kenya, walivyoishi kwa ujirani. Ujirani wa namna hiyo ndio uliowahi kukipa Kiswahili makazi katika jiji la Waganda.

Lakini Kiswahili hapa kina sifa yake. Kwa wengi ni lugha ya jeshi na polisi, na Naguru ndiko yaliko makao makuu ya polisi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo lile halikukiongezea marafiki. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo, mtoto wa mtaa huu bado huweza kukutana na Kiswahili kikiwa amri kabla hajakutana nacho kikiwa hadithi. Hakuna uamuzi wa serikali unaoweza kupindua mpangilio huo. Kitabu kinaweza, kikifika kwa wakati wake.

Na kufika kwenyewe ni kazi. Katika maduka ya vitabu ya mjini, Aristoc au Uganda Bookshop, Kiswahili utakachokikuta kwa wingi ni cha kiada. Riwaya na hekaya huja kwa basi kutoka Nairobi au Dar es Salaam, ndani ya begi la shangazi, kati ya khanga na dagaa. Uhaba huu una faida yake. Kitabu kilichosafiri namna hiyo hakitolewi ovyo. Unakiweka, unasubiri, unamtazama mtoto.

Kutazama ndiko ufundi unakoanza. Watu wengi humchagulia mtoto kitabu kwa umri wake au kwa darasa lake. Mimi hungoja swali. Mwanangu mdogo aligoma kula kuku wa Krismasi kwa sababu alikuwa ameshampa jina. Baba yake alitaka kumweleza habari za mifugo, nikamwomba aniachie. Nilitoa Kalasanda, hadithi za Barbara Kimenye kuhusu kijiji cha Buganda. Kimenye alizaliwa Uingereza, akaja kuishi Uganda, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka kisha katika magazeti, na kitabu cha kwanza cha Kalasanda kilitoka mwaka 1965. Katika hadithi zake za kijiji hicho yumo mzee Kibuka, mstaafu, ambaye mjukuu wake anamletea nguruwe mdogo ili amnenepeshe na kumla. Mzee anampenda. Anamlisha, anatembea naye, anakuwa kichekesho cha kijiji. Kisha nguruwe anagongwa na pikipiki, nyama inapikwa, na mzee aliyeapa kwamba hawezi kuitia mdomoni anajikuta ameila, tena imemkolea.

Nilimsomea mwanangu kwa Kiingereza, nikimgeuzia kwa Kiswahili palipokuwa pagumu. Tulipofika mwisho akauliza kama mzee yule alikuwa mbaya. Nikamwambia arudie aya ya mwisho aone kama mwandishi amesema. Akarudia. Mwandishi hakusema popote. Hapo ndipo mzazi anayeandika ana cha ziada cha kumpa mwanawe. Fundi seremala akiingia katika nyumba ya watu hutazama maungio ya mlango kabla ya kutazama rangi. Nami naweza kumwonyesha mtoto mahali Kimenye alipounga kicheko na msiba, pasipoonekana ufa wala msumari. Sihitaji kumwambia kitabu ni kizuri. Nikimwonyesha ungio moja tu, atayatafuta mengine mwenyewe, katika kitabu hicho na katika vingine.

Kuna namna ya kupendekeza inayoua kitabu kabla hakijafunguliwa, nayo ni kusema, "Soma hiki, kitakufunza." Mtoto akisikia hivyo anajua ameitwa mahakamani. Namna iliyo hai ni kumpa fundo, ukaondoka. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, nilikipendekeza hivi: kuna liwali mmoja, mwema kupita watu wote, lakini kila usiku huwachapa manyani wawili. Kwa nini mtu mwema afanye ukatili wa namna hiyo? Nikanyamaza, nikaendelea na mchele wangu. Kitabu kilikuwa mezani. Mtoto anayesikia Kiswahili kikifoka getini alikaa na Kiswahili kilichopangwa kwa vina na mizani hata pale kinapokuwa nathari, akakisoma kwa sababu alitaka kujua habari za manyani.

Lakini Adili peke yake hatoshi. Katika kitabu kile wema hulindwa na husuda huadhibiwa, na mtoto wa Kampala anayepanda taksi kila siku anajua kwamba mambo hayaendi hivyo kila mara. Ukimpa Adili tu, ama atakuamini wewe na kuutilia shaka ulimwengu, ama atauamini ulimwengu na kukutilia shaka wewe. Kwa hiyo nilimpa pia Abunuwasi. Yule mjanja wa hekaya hana fadhila za liwali. Anadanganya matajiri, anamtega mfalme kwa maneno yake mwenyewe, na msomaji anamshangilia. Wiki nzima nyumba yetu ilikuwa na kesi. Mdogo alisimama na Abunuwasi, dada yake akamtetea Adili, kisha wakabadilishana. Mimi sikuulizwa chochote, nikajua kazi imefanyika.

Hili ndilo ninalotaka kulisema kuhusu ufundi huu: mpe mtoto vitabu viwili vinavyogombana. Kitabu kimoja kutoka kwa mzazi, hata kiwe kitamu namna gani, kina sauti ya mzazi ndani yake. Mtoto hukisoma akijiuliza unataka nini kwake. Viwili vinavyopingana hukutoa kwenye kiti cha hakimu, kikabaki wazi, na mtoto hukikalia bila kuambiwa.

Binti yangu alipofika umri wa kutaka kujua ndoa ni kitu gani, jozi yake ilikuwa nzito zaidi. Nilimpa utenzi wa Mwana Kupona. Humo mama anamwita binti yake asogee, akiwa na wino na karatasi, anamwagiza juu ya dini, adabu, usafi, na sana sana juu ya kumridhisha mume. Wanawake wa pwani waliuhifadhi kwa moyo vizazi na vizazi. Wasomi wa leo wengine humwona mtunzi wake mtumwa wa desturi, wengine humwona mwanamke mwerevu aliyempa bintiye silaha pekee zilizoruhusiwa wakati ule. Sikumwambia binti yangu lipi ni sahihi. Nilimpa pamoja nao Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1966 na baadaye kutafsiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa. Lawino naye ni mke, naye anaitetea desturi, lakini hamridhishi mume hata kidogo. Anamsema mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, kwa kudharau asili yake na kuiga ya wageni.

Kwa mzazi anayeandika, kitabu hiki kina ugumu wa pekee. Miongoni mwa mashtaka ya Lawino ni vitabu vyenyewe: mume wake amepotea humo, na uanaume wake umeharibiwa na kusoma. Kumkabidhi mtoto kitabu kinachovishitaki vitabu, katika nyumba ambayo ada ya shule hulipwa kwa kuandika, kunahitaji moyo. Lakini mtoto aliyeruhusiwa kusikia hoja kali dhidi ya kusoma, kisha akafungua kitabu kingine kwa hiari yake, huyo ni msomaji. Mwenye kusoma kwa sababu nyumba nzima inasoma ni mtiifu tu, na utii huisha siku anapopanga chumba chake.

Okot mwenyewe aliijua kanuni ya jozi. Mwaka 1970 alitoa wimbo wa Ocol, mume akijibu. Alimwachia mshtakiwa nafasi ya kujitetea, na Ocol akajitetea kwa maneno yanayomwaibisha mwenyewe. Nyumbani kwao maneno yalirithiwa bila kushurutishwa: mama yake Okot alikuwa mtunzi wa nyimbo za Kiacholi, na mabinti zake wawili, Jane na Juliane, nao wakawa washairi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Makerere na kuanza kuandika hapo, naye ameacha watoto kadhaa waandishi. Habari za familia hizi hunipendeza, ingawa sizichukui kuwa shabaha. Nikiona binti yangu amekuwa nesi mwenye kumsoma mgonjwa kabla ya kusoma faili lake, nitahesabu kwamba vitabu vimefanya kazi.

Vitabu vyangu mwenyewe vimo rafuni, chini, pamoja na vingine. Sivitaji. Mtoto akisoma kitabu cha mzazi wake hawezi kujisahau. Katika kila mhusika anajitafuta yeye, au anamtafuta baba yake, au ugomvi aliousikia kupitia ukuta. Akitaka kuvisoma atavisoma akiwa mtu mzima, na siku hiyo atakuwa na haki ya kuvifunga katikati.

Haki ya kufunga kitabu katikati iko nyumbani kwetu tangu mwanzo, kwa sharti moja: uniambie ulifungia wapi. Mara nyingi mahali hapo ni pale mwandishi alipochoka, au alipoanza kuhubiri, na watoto hupagundua upesi kuliko wahakiki. Shuleni mambo ni mengine. Kuanzia madarasa ya chini hadi mtihani wa darasa la saba, hadithi huja na maswali chini yake, na jibu lina alama. Mwalimu ana watoto wengi na muda mchache, simlaumu. Lakini nyumbani hakuna haja ya kuuliza fundisho la hadithi ni nini. Mimi huuliza swali moja: ni nani humo uliyemchukia? Mtoto akimtaja, husema na sababu, na katika sababu hiyo fundisho lote limo, likiwa la kwake.

Wapo watakaosema huu ni ufundi wa wenye rafu na shangazi wa kubeba vitabu. Mzazi wa Katali anayelipa kodi ya chumba kila mwezi hanunui riwaya mbili kwa ajili ya mabishano. Ni kweli, na siwezi kumwambia ajinyime chakula. Ila jozi haidai kwamba vyote viwili viwe vimechapwa. Kitabu kimoja cha kuazima kinatosha, na cha pili ni jajja, kama tunavyomwita bibi au babu hapa Uganda. Mwombe akisikilize. Msomee sura moja, umgeuzie kwa Luganda, Kiacholi au lugha yoyote aliyolelewa nayo, kisha muulize kama ndivyo mambo yalivyokuwa. Mara nyingi atakataa. Atasema mwandishi hajui, atatoa kisa cha kwao kinachopinga kile cha kitabuni, na mtoto atakuwa ameketi kati ya wawili wanaobishana kwa ajili yake. Wewe uliyewakutanisha kaa kimya. Jajja akimaliza, usitoe hukumu. Muulize mtoto angependa kusikia nini kesho, kitabu au jajja, na umpe anachotaka.