Sumu ya Gramu 0.28 Katika Lori la Mahindi

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mpakani Busia na Malaba, mji wa wilaya ya Tororo nchini Uganda. Siku tano baadaye mpaka ukafunguliwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, shehena iwe na cheti kinachoonyesha mahindi yalikolimwa, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Siubishii ukali wa kiwango hicho. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Ninachotaka kukichambua ni namna shehena inavyopimwa.

Chukua lori la tani 28. Kwa kiwango hicho, sumu inayoruhusiwa katika mzigo wote ni gramu 0.28, nayo haikai sawasawa. Kuvu hushika punje zilizotobolewa na wadudu au zilizolowa ukingoni mwa gunia, na punje za jirani zikabaki salama. Punje moja iliyooza vibaya yaweza kuivusha kilo nzima kiwango. Macho na pua, ambavyo mkaguzi alitegemea enzi za sheria ya afya ya umma ya Kenya ya mwaka 1921, haviioni sumu hii. Ilikuja kujulikana baada ya bata mzinga kufa kwa maelfu Uingereza mwaka 1960.

Kwa hiyo mpimaji akichoma bambo kwenye magunia matano ya mlangoni mwa lori, jibu atakalopata ni la magunia hayo matano. Inabidi achome magunia mengi, ya juu, ya kati na ya chini kabisa, achanganye, asage sampuli yote iwe unga laini, ndipo achote gramu chache, aziloweke kwenye methanoli na kuchovya kijikaratasi cha kipimo. Kijikaratasi hutoa jibu kwa dakika chache. Bambo ndilo lenye jasho, na uzembe ukiingia, huingilia hapo.

Hata likichomwa vizuri, mpakani tumeshachelewa. Mavuno ya kwanza ya Tororo hukutana na mvua, na mahindi mengi huanikwa juu ya udongo mtupu. Unyevu unatakiwa usizidi asilimia 13.5. Mkulima asiye na mashine ya kupima unyevu ana chupa: atie chumvi kavu na mahindi, atikise, aache yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka.

Wanunuzi wa Tororo na Busia wafanye jaribio hilo kabla ya kupandisha gunia kwenye mizani, na wapange bei kwa kadiri ya unyevu. Leo mahindi yakinunuliwa kwa kilo tu, aliyeanika kwenye turubai hadi yakakauka huuza mzigo mwepesi na kulipwa pungufu kuliko jirani yake aliyeleta mabichi.