Bahari Isiyo na Wenyewe

Mpenzi msomaji, yako maandishi ambayo watu hawayahesabu kuwa ni maandishi, na kwa hivyo hawayahukumu. Riwaya ikiingia nyumbani, baba atauliza imeandikwa na nani na inasema nini. Lakini kikiingia kijitabu cha matangazo ya safari, chenye karatasi za kung'aa na picha za bahari, hakuna aulizaye. Watoto hukipitisha mkono kwa mkono, na siku hizi hukipitisha kwa simu. Na hali kijitabu hicho nacho kinafundisha. Kina madai yake juu ya dunia, juu ya watu na juu ya mali, nayo huingia moyoni kwa wepesi kuliko ya riwaya, kwani msomaji hajajihadhari nacho.

Ninavyokusudia hapa ni vijitabu vya kukodisha mashua za anasa, zile ziitwazo yoti, za kuzunguka visiwa vya Maldivi kwa wiki moja au mbili. Nimevichagua vya Maldivi kwa sababu nchi ile ni ya Waislamu tangu mfalme wake aliposilimu mwaka 1153, na watu wake ni jirani zetu wa bahari moja. Tena zimeanza nyumba za kwetu kuvisoma kwa nia ya kwenda. Kijana mmoja aliyefanya kazi Ghuba miaka mingi aliniletea kimoja akaniuliza: "Sheikh, yafaa mimi na ndugu zangu watatu tuchange, tumchukue mama na wake zetu na watoto, tukodi mashua wiki nzima?" Hakutaka ulevi wala ufasiki, alitaka kumfurahisha mama yake. Swali kama hili halijibiwi kwa neno "haramu" lililotupwa kutoka mbali. Hapana budi kijitabu chenyewe kisomwe.

Basi nilikisoma, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kuwa hamna watu ndani yake. Picha baada ya picha ni mchanga mweupe, mnazi mmoja ulioinama, na maji ya rangi ya feruzi yasiyokatwa na mtumbwi hata mmoja. Maneno "kisiwa kisicho na mtu" yamerudiwa kama uradi. Binadamu waliomo ni wawili tu: mgeni aliyelala juu ya sitaha, na mkono uliovishwa shati jeupe, umeshika sinia ya vinywaji. Mwenye mkono hayumo katika picha.

Ni kweli kwamba Maldivi ina visiwa kama 1,190, na vinavyokaliwa na wenyeji havifiki 200. Lakini kisiwa kuwa hakina watu na kisiwa kuwa hakina wenyewe ni mambo mawili. Chukua mfano wa Kandholhudhoo, katika visiwa vya Raa upande wa kaskazini. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilipoinuka ikaua zaidi ya watu 80 katika nchi ile, kisiwa hicho kiliharibika hata wakazi wake wote, maelfu ya watu, wakakihama. Walikaa miaka minne hivi katika makazi ya muda mpaka walipojengewa mji katika kisiwa kingine, Dhuvaafaru. Leo ukipita kwa mashua utaona Kandholhudhoo hakina mtu. Mwandishi wa kijitabu atakuambia hiyo ni raha. Mzaliwa wa pale atakuonyesha palipokuwa msikiti, na palipokuwa nyumba ya babu yake.

Sasa mlinganishe mwandishi huyu na msafiri mwingine aliyeandika juu ya visiwa hivyo hivyo. Ibn Battuta wa Tanja, aliyefika Mombasa na Kilwa katika mwaka 1331, alifika Maldivi mwaka 1343 na akafanywa kadhi huko. Anaeleza kwamba chombo kilipokaribia kisiwa, wenyeji walikitokea kwa mitumbwi midogo, wamechukua tambuu na madafu. Kila mmoja akampa amtakaye katika watu wa chombo, na aliyepewa akawa mgeni wake, mizigo yake ikabebwa mpaka nyumbani kwa mwenyeji kama kwamba ni jamaa. Na huyu huyu Ibn Battuta anaeleza karibu yale yale juu ya Mogadishu, kwetu upande huu: vijana walikijia chombo kwa mashua, kila mmoja ana sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabili mfanya biashara na kusema kuwa huyu ni mgeni wake. Kati ya Banadir na Maldivi pana bahari ya siku nyingi, na desturi ilikuwa moja. Mgeni hakushuka pwani ila kwa mkono wa mtu anayejulikana.

Sisemi kwamba Ibn Battuta alikuwa mgeni mwema siku zote. Alioa huko wake kadhaa, akagombana na wakubwa, akataka wanawake wajisitiri kama alivyozoea yeye asitiiwe, na mwaka 1344 akaondoka kwa ghadhabu. Lakini katika kitabu chake watu wamo. Wana majina, wana tabia, wanaoga, wanasali, wanasuka kamba za makumbi za kushonea majahazi, wanauza kauri Bengali. Aliyelala juu ya sitaha katika kijitabu chetu atazunguka wiki mbili asijue hata jina moja la mwenyeji.

Na litazame lile dafu. Ibn Battuta aliliandika kwa jina lake la lugha ya Maldivi, na jina hilo, kurumba, ndilo ililopewa hoteli ya kwanza ya watalii ilipofunguliwa mwaka 1972. Kilichokuwa zawadi ya kumfanya mgeni awe jamaa kikawa jina juu ya mlango wa malipo. Sikulaumu biashara, nchi ile haina mashamba makubwa wala madini, na utalii umesomesha watoto wengi. Ninalolisema ni kuwa kijitabu kingepaswa kujua kwamba kuna kilichobadilishwa.

Utaratibu wa nchi wenyewe uliwasaidia waandishi hawa kuificha jamii. Kwa miaka mingi wageni waliwekwa katika visiwa vyao na wenyeji katika vyao, na ni tangu mwaka 2009 ndipo nyumba za wageni ziliporuhusiwa katika visiwa wanavyokaa raia. Ulevi ni marufuku katika visiwa vya wenyeji, lakini umeruhusiwa katika hoteli za watalii na katika vyombo vya safari vyenye leseni. Kwa hiyo mtu aweza kuitembelea nchi ya Waislamu watupu wiki nzima, asisikie adhana hata moja, na akarudi akidhani ameiona.

Nije sasa katika jambo la fedha, nalo ndilo kijitabu kinalolipitia mbio kuliko yote, kwa herufi ndogo katika ukurasa wa mwisho.

Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni kodi ya chombo na mabaharia wake tu. Mafuta, chakula, maji, ada za bandari, vyote viko nje. Kwa hivyo mkodi hutakiwa atangulize fungu la pili, ambalo kwa kawaida ni robo mpaka thuluthi ya kodi, akabidhiwe nahodha kabla ya safari. Tuseme kodi ni dola 40,000 kwa wiki. Fungu hilo laweza kuwa dola 12,000, na juu yake desturi yao ni kuwapa mabaharia bakshishi ya sehemu ya kumi au zaidi. Aliyehesabu 40,000 hujikuta katika 56,000, bado nauli ya ndege.

Je, fungu hilo la pili ni ghururi inayobatilisha mkataba? Vijana wengine wepesi wa kufutu watasema ndiyo, kwani kiasi chake hakijulikani. Mimi naona sivyo. Kodi ni ijara: chombo kinajulikana, muda unajulikana, bei inajulikana, basi imesihi. Ama lile fungu, si bei ya kitu. Ni masurufu yaliyowekwa kwa nahodha kwa amana, naye ni wakili wako wa kununua. Yapasa akuandikie kila alichonunua, na mwisho wa safari akurudishie kilichobaki, au umwongeze kilichopungua. Mikataba yao mizuri inasema hivyo hivyo, na kwa jambo hili sina la kuwalaumu. Mababu zetu waliosafirisha mali kwa manahodha wangeufahamu utaratibu huu bila kufasiriwa.

Lakini angalia linalofuata, mpenzi msomaji. Maadam nahodha ni wakili wako, alichonunua ni chako. Kabla ya safari utaletewa karatasi ya kujaza matakwa: mwala nini, mwanywa nini, asubuhi mnataka nini mezani. Yule anayesema, "Mimi sinywi, lakini kwenye mashua huwa mmewekwa tu, nami nina rafiki zangu wageni," hana udhuru. Katika hoteli ulevi ni mali ya mwenye hoteli. Katika mashua uliyoikodi, mvinyo ulioandikwa kwenye karatasi yako umenunuliwa kwa fedha yako, kwa amri yako. Kalamu yako ndiyo iliyoununua. Na kwa upande wa pili, neno hili ni faraja: ukiandika kuwa hamtaki ulevi wala nyama isiyochinjwa kisheria, nahodha ameajiriwa kukutii. Kijitabu hakilisemi hili kwa sababu kimedhani msomaji ni mtu mmoja tu duniani.

Yule kijana nilimuuliza swali ambalo kijitabu hakikuwa na nafasi yake. Mama amehiji? Akasema bado, wamekuwa wakingoja mambo yakae sawa. Basi yatazame mambo hayo. Hija inamlazimu mwenye uwezo, na mtu atakayetia sahihi karatasi ya dola 56,000 kwa wiki moja amejishuhudia mwenyewe, kwa mkono wake, kuwa uwezo anao. Mama hakulazimiwa Hija na mali ya wanawe, hilo ni kweli kwa hukumu. Lakini mwana anayetafuta la kumfurahisha mama mwenye umri wa miaka 70, asiyeiona Kaaba bado, atafute wapi tena? Na kuna deni. Mmoja wa wale ndugu alikuwa na deni la mahari ambalo mke wake alikuwa akilinyamazia kwa haya. Wanavyuoni waliotaja adabu za safari walianza hapo: lipa madeni, rudisha amana, waachie unaowaacha cha kula, taka radhi za wazazi. Kijitabu nacho kina ukurasa wa "matayarisho", na cha kwanza ndani yake ni mafuta ya kuzuia jua.

Juu ya majira sina mengi. Kimeandikwa kuwa jua huwaka mwaka mzima, na hilo mwana wa pwani hapaswi kudanganyika nalo. Pepo zao ni zetu kwa majina mengine: kaskazi wanaiita iruvai, na ndiyo majira yao makavu, Desemba mpaka Aprili, ile nyingine waiitayo hulhangu, ya kusini-magharibi, huleta mvua na mawimbi kuanzia Mei. Bei hushuka katika majira hayo, na sasa mwajua kwa nini.

Kisha mabaharia. Katika Suratul Kahf mnakijua kisa cha jahazi la maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, lililotobolewa ili mfalme asilipokonye. Wafasiri wameeleza sana hekima ya kulitoboa. Mimi hupenda kusimama katika lile neno moja, kuwa walikuwa wakifanya kazi. Chombo kwa watu wa bahari ni riziki kabla ya kuwa kitanda. Aliyeshika sinia ana saa zake za kulala, ana Sala zake, na huenda ni Mwislamu anayeona haya kukuomba dakika kumi. Mkodi mwema humwuliza nahodha tangu siku ya kwanza ratiba ya watu wake, na hutia nanga palipo na mchanga, kwani nanga juu ya matumbawe huvunja katika dakika moja kilichokua kwa miaka mingi. Matumbawe yale yamekwisha kupigwa na joto la bahari mwaka 1998 na tena 2016, na visiwa vyenyewe, vyenye kimo cha mita moja na nusu hivi juu ya maji, vimesimama juu yake.

Walio na mali, wasio na deni, waliokwisha hiji, na wakitaka kupumzisha nafsi zao na watu wao kwa heshima, sina haki ya kuwazuia. Kupumzika si maasi. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema safari iliyokusudiwa maasi haina ruhusa ya kupunguza Sala. Safari ya halali ruhusa inayo ikitimia masharti yake, hata kama mtu atateleza ndani yake. Basi nia na itengenezwe kabla ya kutoka nyumbani, ili mtu ajue Adhuhuri yake ni rakaa ngapi.

Nendeni na visiwa wanavyokaa watu. Shukeni Ijumaa mkasali na wenyeji. Malé upo msikiti wa mawe ya matumbawe yaliyochongwa, uliojengwa mwaka 1658, nao mwenye macho ataufurahia kuliko jakuzi ya sitahani.

Na kwa Sala za chomboni, watoto waambiwe mapema. Wamezoea Kibla cha huku kwetu, ambacho ni kaskazini. Kule Kaaba iko magharibi, ikielekea kaskazini kidogo, na chombo kilichotia nanga hakitulii, huzunguka kwa upepo na mkondo. Anayesali faradhi husimama akiweza, na chombo kikigeuka naye hugeuka, hata akiwa katikati ya rakaa. Mwombeni nahodha awaonyeshe. Dira iko mbele yake.